Bangili ya Mexico ina jina, jiwe la Kasigau halina

Rafiki yangu anauza mikoba ya mitumba hapa Voi. Mwezi uliopita alinipigia simu jioni, nikadhani ni yale mambo yetu ya kuombana nauli, kumbe ameokota kitu. Alikuwa amefungua robota jipya, akawa anapapasa mifuko ya ndani ya kila mkoba (hiyo ndiyo bahati nasibu ya biashara yake, siku nyingine anapata sarafu za Ulaya, siku nyingine tishu zilizotumika), na kwenye mkoba mmoja mweusi mkono ukagusa chuma. Bangili. Nzito, imeingia weusi, upana wake kama vidole viwili. Haina maua wala nakshi. Ni bapa moja tu lililokunjwa likapinda kama wimbi, basi.

Tuliisugua kwa dawa ya meno mpaka ikaanza kung'aa. Kisha tukawasha tochi ya simu tukachungulia upande wa ndani. Kulikuwa na neno TAXCO, namba 925, herufi mbili za mtu, na ndege mdogo kama punje ya mchele, tai, mwenye namba kifuani.

Nusu saa mtandaoni ikatosha. Taxco ni mji wa milimani katika jimbo la Guerrero, Mexico. 925 maana yake katika kila sehemu 1,000 za chuma hicho, 925 ni fedha halisi, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba ya kuifanya iwe ngumu. Yule tai ni mhuri wa serikali ya Mexico ulioanza kutumika mwaka 1948 na ukaachwa karibu na 1980, kwa hivyo bangili hii ilizaliwa kati ya miaka hiyo. Na lile umbo la mistari michache bila mapambo ni mtindo wa kisasa wa enzi hizo, ambao mafundi wa Taxco walivuma nao sana miaka ya 1940 na 1950, na ambao leo kuna watu Marekani wanaukusanya kipande kwa kipande na kuulipia pesa nzuri.

Sasa tulia hapo kidogo, msomaji. Mimi na muuza mikoba, watu wawili wa Voi wasiojua hata neno moja la Kihispania, tulijua bangili iliyopotea ilitoka mji gani, ina fedha kiasi gani na ni ya miaka ipi. Aliyeitengeneza huenda alishakufa zamani. Lakini chapa yake bado inamsemea.

Mimi nina binamu anayechimba mawe upande wa Kasigau. Ukitoka Voi unapita Maungu, unakata kuelekea Rukanga, halafu vumbi linakufundisha adabu. Mwaka jana yeye na wenzake watatu walitoa jiwe la kijani, dogo kama punje ya mahindi. Broka alifika na pikipiki jioni, akaligeuzageuza mbele ya tochi, akasema lina ufa, akatoa 15,000. Hapo toa fungu la mwenye shamba. Toa fungu la yule aliyekuwa akiwakopesha unga na maharagwe miezi yote ya kuchimba bila kupata kitu. Binamu alibaki na 2,500 mkononi. Hakupewa risiti wala karatasi yoyote. Jiwe likaondoka kwenye mfuko wa shati, na leo likiwa kwenye pete ya bibi harusi fulani Tokyo au Dubai, hakuna herufi hata moja itakayomwambia kwamba lilitoka chini ya mlima wa Kasigau, kwenye shimo ambalo lingeweza kuporomoka likamfukia kijana wa miaka 24.

Hiyo ndiyo habari ninayotaka tuongee leo. Bangili ni kisingizio tu.

Jiwe lenyewe ni tsavorite. Ni la jamii ya garneti, na kijani chake kinatokana na vanadiamu na kromiamu kidogo zilizoingia ndani yake lilipokuwa likiumbika. Zumaridi nyingi sokoni hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane, lakini tsavorite kwa kawaida haipikwi wala haipakwi kitu. Inatoka ardhini ilivyo, inakatwa, inang'aa. Vipande vikubwa visivyo na kasoro ni adimu mno, ndiyo maana karati mbili au tatu safi zinapandisha bei ghafla.

Na jina? Limetokana na Tsavo yetu, sawa, lakini halikutolewa hapa. Mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Uskoti, alilikuta jiwe hilo kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967. Huko hakuruhusiwa kulitoa nje ya nchi, akafuata mkondo wa miamba ile ile mpaka upande huu wa mpaka, akalipata Taita Taveta mwaka 1970. Mwaka 1974 Henry Platt wa duka la Tiffany la New York, kwa kushauriana na Bridges, akaliita tsavorite. Mtu huyo huyo wa Tiffany ndiye aliyekuwa ameipa tanzanite jina lake miaka michache kabla. Yaani mawe mawili makubwa ya Afrika Mashariki yalibatizwa kwenye duka moja Marekani, na sisi tukajibu amina.

Mwisho wa Bridges unajulikana. Tarehe 11 Agosti 2009 alivamiwa na kundi la watu kwenye barabara ya kuelekea kambi yake, akauawa, katika mgogoro wa muda mrefu kuhusu haki ya kuchimba. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha miaka 40 kila mmoja. Sitaki kuingia ndani ya kesi hiyo. Naitaja kwa sababu ukikaa na wachimbaji hapa utaona kwamba tangu zamani vita vyote ni vya shimo. Nani ana leseni, nani amevuka mpaka wa nani, nani ana mkubwa Nairobi. Hata rubi ya Mangari ni hadithi hiyo hiyo. Mmarekani John Saul aliyeshiriki kuigundua alifukuzwa nchini mwaka 1974, na mgodi ukaingia mikononi mwa wakubwa. Miaka 50 tunapigania shimo, na ni wachache sana waliowahi kupigania meza ya kukatia mawe.

Taxco ilianza pabaya kama sisi. Migodi ya fedha ilikuwepo tangu enzi za Wahispania, na kwa karne nyingi fedha ilipanda punda ikaenda zake. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, William Spratling, alihamia pale. Alikuwa mhadhiri wa usanifu wa majengo, hakuwa sonara. Mwaka 1931 akafungua karakana ndogo, na tazama alichofanya: hakuagiza mashine wala kusubiri mfadhili wa kongamano. Alimchukua sonara kutoka Iguala, mji wa jirani, akaitwa Artemio Navarrete, akamweka pamoja na vijana wachache wa Taxco. Yeye Spratling akawa anachora, akitazama michongo ya kale ya wenyeji wa Mexico, na mafundi wakawa wanafua. Baada ya miaka kadhaa karakana ilikuwa na mamia ya watu.

Ila kilichonigusa zaidi ni jinsi vijana walivyoondoka. Ndugu wa ukoo wa Castillo walifundishwa kwake, mwaka 1939 wakafungua ya kwao. Héctor Aguilar naye akaondoka mwaka huo huo, akafungua yake. Antonio Pineda, mtoto wa pale pale Taxco, akawa bingwa wa kuweka mawe kama amethisti ndani ya fedha, jiwe likikaa kama vile chuma kiliota kikalizunguka. Vipande vyake vimewekewa maonyesho ya peke yake kwenye makumbusho ya chuo kikuu kule Los Angeles. Kila mmoja wao aligonga jina lake kwenye kazi yake. Kwa hivyo Mmarekani alipata sifa ya kuanzisha, sawa, kama Bridges alivyopata ya kugundua, lakini wale vijana hawakubaki kuwa "vibarua wa Spratling". Wakawa majina, na majina yakawa bei.

Wewe ambaye umesoma historia utaniambia vita ndivyo vilivyowabeba, na hujakosea. Vita vya Pili vya Dunia vilipofunga njia za bidhaa za Ulaya, maduka ya Marekani yaligeukia Mexico na oda zikamiminika. Ilikuwa bahati. Lakini bahati iliwakuta na nyundo mkononi. Na sikiza hii: mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi mkubwa wa Taxco waligoma, mgodi ukasimama. Masonara wakanunua fedha kutoka kwingine wakaendelea na kazi. Hebu jiulize Kasigau itabaki na nini siku mkanda wa mawe utakapokatika.

Basi turudi nyumbani, kwenye makaratasi yetu. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapotoka. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini mrabaha unalipwa kwa kitu kilichoandikishwa. Jiwe la binamu yangu halikuandikishwa popote, kwa hivyo asilimia 10 yake ni asilimia 10 ya hewa. Wanasiasa wetu wanapenda sana kupigia kelele hiyo asilimia 10. Mimi naona inafaa tuulize kwanza ni asilimia 10 ya bei gani: ile ya jiwe ghafi usiku chini ya mgunga, au ile ya jiwe lililokatwa, likapimwa, likafungwa kwenye pete?

Kisha kuna hili jipya ambalo vijana wengi hawajalishika. Mwaka 2019 serikali ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za uchimbaji. Mwaka 2023 marufuku ikalegezwa, isipokuwa kwa madini yaliyoitwa ya kimkakati, na ndani ya orodha hiyo, pamoja na urani, kobalti na lithiamu, ikaingizwa tsavorite. Kisheria madini ya kimkakati hushughulikiwa na serikali kupitia shirika lake la madini. Urani naelewa. Lithiamu ya betri naelewa. Lakini jiwe ambalo kijana analitafuta kwa sururu na mtarimbo, futi kwa futi, na akilipata linatosha kwenye kizibo cha soda, linakuwaje la kimkakati kama urani? Anayejua atueleze kwa lugha ya kawaida, kwa sababu huku chini maana yake inaonekana wazi: broka anapata sababu moja zaidi ya kukuambia "hili si halali, chukua hizi elfu tano tumalizane."

Majirani wetu walikwenda njia nyingine. Tanzania ilizungusha ukuta wa kilomita 24 hivi kwenye migodi ya tanzanite ya Mirerani mwaka 2018, na kuanzia 2019 ikafungua masoko ya madini ambako muuzaji na mnunuzi wanakutana mbele ya mizani ya serikali. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9 na ushei na jingine la kilo 5, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7 za Tanzania, na dunia nzima ikajua jina lake. Ukuta siupendi, nitasema wazi. Ila ile siku ya Laizer ilimfundisha kila mchimbaji mdogo kwamba jiwe linaweza kuuzwa mchana.

Sisi tuna nini? Tuna kituo cha mawe ya thamani hapa hapa Voi, kilichojengwa kwa pesa za umma ili mawe yapimwe, yakatwe na yauzwe bila kupitia gizani. Jengo lilipokamilika lilikaa miaka bila kazi huku kila mgeni wa serikali akiahidi kulifungua. Tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati mwaka 2016, chenye wahandisi wa migodi. Mimi si mtu wa kuhubiria mtu kuhusu chuo, niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na si hapo. Lakini mhandisi wa migodi anafundishwa kutoa jiwe ardhini. Nani anamfundisha binamu yangu, mwenye cheti cha darasa la nane, kukaa kwenye gurudumu la kukatia akajua ni pembe ipi inamrudishia mwanga machoni?

Hapa ndipo nawaza Iguala. Spratling hakwenda mbali kutafuta mwalimu. Na sisi mwalimu hayuko mbali. Lamu kuna masonara ambao familia zao zimefua fedha vizazi na vizazi. Wale wanaochukua vigae vya sahani za kale za Kichina, vile vinavyookotwa kwenye magofu na ufukweni, wakavisugua na kuvifunga kwenye pete za fedha, na watalii wanazinunua kama njugu. Fikiria hilo vizuri. Kipande cha sahani iliyovunjika, hakina thamani, kimekuwa pete yenye hadithi na bei. Na sisi tumekalia tsavorite, rodolaiti nyekundu, turmalini, kianiti ya samawati, tunaziuza kwa gramu kama sukari guru. Lamu na Taita Taveta zote ni Pwani, na bado fundi wa kule na jiwe la huku hawajawahi kutambulishana rasmi.

Najua ugumu wake. Nilimwuliza mzee mmoja hapa mjini aliyewahi kukata mawe, akacheka. Akasema jiwe likikatwa linapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na mkono usiojua unaweza kugeuza mshahara wa mwaka kuwa unga wa kijani. Akasema Jaipur na Bangkok wana watu walioanza kukata wakiwa watoto, na wanalipwa kidogo, huwezi kushindana nao kwa wingi. Yuko sawa. Ndiyo maana hakuna haja ya kuanza na tsavorite. Anza na yale mawe ambayo broka anayatupa: garneti za rangi hafifu, kwatzi, vipande vyenye ufa. Vunja hayo mpaka mkono ukae. Na kwa wingi hatuwashindi kweli, kama Taxco ambavyo haikuvishinda viwanda vya mikufu ya mashine. Anayenunua bangili ya Taxco ya 1955 ananunua mkono wa mtu na mji wa mtu.

Halafu mhuri. Huu hauhitaji mabilioni. Kaunti inaweza kuwa na chapa yake, na kila fundi aliyesajiliwa akawa na herufi zake. Mexico ilipoacha yule tai ilifanya hivyo hivyo: herufi ya mji, herufi ya fundi, namba. Feki zitakuwepo, hata kazi za Spratling zinaigizwa mpaka leo, lakini watu wanaiga kitu chenye jina. Hakuna aliyewahi kuiga kazi ya Kasigau kwa sababu hakuna kinachoitwa kazi ya Kasigau. Na Kasigau ikianza kugonga jina lake, jiwe la usiku litaonekana kwa lile linalokosa: mnunuzi ataanza kuuliza, "mbona hili halina alama?"

Kama wewe ni mwakilishi wa wadi na umefika hadi hapa, swali langu kwako ni fupi. Katika bajeti ijayo kutakuwa na pesa za semina za madini hotelini, tunajua. Magurudumu ya kukatia mawe yatakuwa mangapi?

Rafiki yangu amekataa kuiuza ile bangili. Mteja mmoja alimpa 3,000, akakataa, sasa anaivaa sokoni akipanga mikoba na kila mtu anamwuliza ameipata wapi. Juzi binamu alishuka kutoka Kasigau na rodolaiti moja ndogo, ile broka aliyoikataa. Tumeifunga kwenye karatasi ya daftari. Jumamosi tunapanda matatu kwenda Mombasa, Mji wa Kale, kuna sonara tuliyeelekezwa. Bei ya kufunga jiwe kwenye pete ametuambia kwa simu. Tulipomwuliza kama tunaweza kukaa pembeni siku mbili tatu tukimtazama anavyofanya, alinyamaza kidogo, kisha akasema tuje kwanza na hilo jiwe tulione.